Mkahawa wa wali karibu na soko la Jubilee, Kisumu: majina, sufuria na ukoko

Mkahawa ninaouhakiki hapa hauna jina mlangoni. Uko hatua chache kutoka soko la Jubilee mjini Kisumu, umebanwa kati ya fundi wa simu na duka la mbegu, na kitu pekee kinachoutambulisha ni ubao mweusi unaotundikwa kila asubuhi ukiwa na maneno mawili ya chaki: WALI UPO. Ubao huo ukiondolewa, kwa kawaida mwendo wa saa tisa alasiri, ujue sufuria zimekwisha na hutapewa kitu hata ukibembeleza. Nimekula hapo mara nne katika muda wa miezi miwili, nikijilipia mwenyewe, na kila mara nilivutwa na mambo mawili: njaa, na menyu.

Mwenye mkahawa, ambaye ndiye mpishi, ni mama wa makamo aliyezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, akaolewa Kisumu, kisha akaenda Dubai kufanya kazi katika jiko la hoteli kwa miaka 11. Huko, anasimulia, meza yake ya kazi ilikuwa katikati ya wapishi wawili, kulia Mwirani wa Shiraz na kushoto Mpashto wa Peshawar, Pakistan, na kila mmoja alikuwa akimnong'oneza kwamba mwenzake hajui wali. Alirudi nyumbani na mapishi ya wote wawili, na akaongeza jambo ambalo sijaliona katika mkahawa mwingine wowote wa mji huu: chini ya kila chakula kwenye menyu ameandika jina hilo limetoka wapi na maana yake nini. Mimi nafundisha Kiswahili, kwa hiyo karatasi ya namna hiyo mbele yangu ni sawa na ndizi mbele ya tumbili. Hata hivyo sikuisoma kwa kujifurahisha tu. Majina makuu ya wali katika Kiajemi, lugha ya Wairani, hayataji viungo, hutaja namna wali ulivyopikwa, na kwa sababu hiyo yanaweza kupimwa kwa ulimi: ama sufuria imefanya kile ambacho jina linasema, ama haikufanya.

Kabla ya sahani, neno moja kuhusu kijana anayehudumu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifungulia somo bila kujua. Nilipokaa mara ya kwanza alisimama mbele yangu na kutaja kwa pumzi moja, "Tuna mchele na ndengu, mchele na samaki, mchele wa Kabuli." Nikamwambia, kwa ile sauti ya darasani isiyonitoka hata siku ya mapumziko, "Kijana, ukishapikwa ni wali." Akanijibu kwa adabu kamili, "Ndiyo, mwalimu. Na mchele wa pilau pia tunao." Sisi wa bara ndivyo tulivyo. Mswahili wa pwani anatenganisha mpunga ulioko shambani au bado una maganda, mchele uliokobolewa, na wali ulioiva; sisi tunashika mchele mmoja tu na kwenda nao kutoka gunia hadi kijiko.

Kumbe hatuko peke yetu. Kiajemi kinatenganisha kama pwani: 'shali' au 'shaltuk' ni mpunga, 'berenj' ni mchele, na ukishaiva hubadilika jina kulingana na mapishi. Kipashto nacho, lugha ya Wapashto wa Afghanistan na Pakistan, kina 'shole' kwa mpunga, lakini kuanzia hapo hutumia 'wrizhe' kwa mchele wa dukani na pia kwa wali ulioko sahani, na neno hilo kwa kawaida liko katika wingi, kama sisi tunavyosema maji au maziwa. Kandahar husikika 'wrizhe', na upande wa Peshawar 'wrije'. Kwa hiyo kijana wetu wa Kisumu angezungumza na Mpashto bila kusahihishwa na mtu, na tangu nilipoligundua hilo nimeacha kumsumbua.

Menyu inasema kwamba 'berenj' na 'wrizhe' ni ndugu. Ni kweli, na nilifurahi kuona mpishi akiandika jambo ambalo wengi wangeliruka. Kwa macho hayafanani, lakini Kiajemi kina desturi ya zamani ya kugeuza sauti ya 'w' iliyokuwa mwanzoni mwa neno kuwa 'b': upepo uliitwa 'wad' katika Kiajemi cha kati na leo ni 'bad', ishirini ilikuwa 'wist' na leo ni 'bist'. Ukiirudisha ile 'b' ya 'berenj' mahali pake, unapata neno linalokaa jirani kabisa na 'wrizhe' ya Wapashto na 'vrihi' ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ambayo pia ni mchele. Kipashto ndicho kilichohifadhi mlango wa zamani wa neno. Ukoo huu ulisafiri pia kwenda magharibi: Waturuki wakapata 'pirinç' kutoka kwa Waajemi, na wataalamu wengi wa asili ya maneno wanaona kwamba 'oryza' ya Wagiriki ilitoka katika lugha mojawapo ya upande wa Iran, ikapitia Kilatini, Kiitaliano na Kifaransa, hadi ikawa lile neno la Kiingereza ambalo wanafunzi wangu hulitumia wanapoona wali na mchele vinawachanganya. Hata katika Kiswahili 'berenj' limewahi kupita: kamusi za zamani zina neno birinzi, chakula cha wali, nyama na pilipili. Siku hizi hakuna anayelitamka, na nilimshauri mama alirudishe kwenye menyu. Alicheka.

Sasa chakula. Nilianza na pilau ya shilingi 350, kwa sababu hiyo ndiyo mizani ambayo kila mtu hapa anaijua. Ilipikwa kwa mchele wa Ahero, kutoka mashamba ya umwagiliaji ya uwanda wa Kano yaliyo kama kilomita 20 kutoka mezani nilipokaa, na rangi yake ilitoka kwa kitunguu kilichokaangwa kwa subira mpaka kikawa kahawia, si kwa zile unga za paketi zinazopaka kila kitu rangi ya matofali. Wali ulikuwa umechambuka vizuri. Kasoro ni bizari nyembamba, iliyotiwa kwa mkono mzito kiasi cha kuufunika mdalasini na iliki, na mimi ningependa viazi vipunguzwe. Lakini kwa bei hiyo, na nyama ile laini, sina haki ya kulalamika sana.

Ambacho nina haki ya kulalamikia ni maelezo yaliyo chini yake. Menyu inasema pilau ni neno la Kiarabu. Haliwezi kuwa hivyo, na ushahidi umo katika herufi yake ya kwanza: Kiarabu hakina sauti ya 'p'. Neno ni la Kiajemi, 'polow', ambalo Wairani wa leo hulitamka kwa wepesi 'polo' na Waafghanistan 'palaw', na vitabu vya mapishi vya enzi ya Wasafawi, wafalme wa Iran, karne ya 16, vinaeleza aina nyingi za 'polow'. Nyuma yake huonyeshwa neno la Kisanskriti, 'pulaka', lenye maana ya bonge la wali, jambo ambalo litamchekesha kila mpishi wa pwani, kwa maana pilau yenye mabonge ndiyo pilau iliyoharibika. Kutoka kwa Waajemi jina hili limeenda kila upande: 'pilav' kwa Waturuki, 'palov' kwa Wauzbeki, 'palav' kwa Watajiki, na mwaka 2016 Unesco iliingiza mapishi ya Wauzbeki na ya Watajiki katika orodha yake ya urithi wa utamaduni, kila taifa na lake. Paella ya Wahispania, ambayo mteja mmoja aliyeketi karibu nami alisisitiza kuwa ni pilau iliyopotea njia, haimo katika ukoo huu. Jina lake limetokana na kikaango.

Siku ya pili niliagiza palao ya Kabuli, shilingi 650, na hapa naomba nafasi zaidi, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Sahani ilikuja na kilima cha wali usioonyesha nyama hata kidogo. Punje zilikuwa ndefu, kila moja imelala peke yake, rangi yake kama jani kavu la mgomba, na juu yake palikuwa na karoti zilizokatwa vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti na kukaangwa na sukari kidogo, pamoja na zabibu kavu ambazo mvuke ulikuwa umezijaza mpaka zikawa kama zimerudi shambani. Nyama, ambayo huko kwao huwa ya kondoo na hapa ni ya mbuzi, ilikuwa imefichwa chini kabisa. Unaichimba kwa kijiko na inaachia mfupa bila kubishana. Rangi ya wali inatokana na mchuzi wa nyama hiyo hiyo na kitunguu kilichokaangwa karibu kiungue, na harufu yake ni ya iliki zaidi kuliko ya kitu kingine. Hakuna pilipili. Watu wawili meza ya jirani waliomba pilipili, wakaletewa, na nikawaangalia kwa huzuni.

Mchele wa sahani hii ni pishori ya Mwea, na hapo ndipo menyu inapokosa jambo ambalo mimi ningeliandika kwa herufi kubwa. Pishori ni neno ambalo kila mama wa Kenya huliuliza dukani, akinusa gunia kuhakikisha hajauziwa mchanganyiko, na wengi hudhani ni jina la Kikuyu au la mzungu fulani wa kilimo. Wenyeji wa Peshawar wanaosema Kihindko huuita mji wao Pishor; pishori, basi, ni mchele wa Peshawar, kama vile tunavyosema kiti cha Lamu au samaki wa Kisumu. Mbegu yenyewe, Basmati 370, ilitolewa mwaka 1933 katika kituo cha utafiti cha Kala Shah Kaku, Punjab, kwa hiyo mbegu ni ya Punjab na jina ni la mji wa Wapashto. Na Kisumu si mgeni katika habari hizi: reli ilipofika hapa mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, Wapunjabi wengi miongoni mwao, walikuwa wamepita katika kazi hiyo, na waliobaki walibaki na sufuria zao. Nilipomweleza mama kwamba amekuwa akipika palao ya Waafghanistan kwa mchele wenye jina la Peshawar, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, yule Mpashto wangu alikuwa akisema hakuna mchele kama wa kwao. Nilidhani ni maringo."

Kuhusu jina la Kabuli, menyu inatuambia kwamba linatokana na kukubali, kwa sababu palao hii huliwa kwenye arusi, pale pande mbili zinapokubaliana. Ni maelezo matamu, na naelewa jinsi Mswahili anavyoweza kuyafikia, lakini ni utamu wa bure. Kabuli ni cha mji wa Kabul, hakuna zaidi. Wako Waafghanistan wanaoliandika kwa qafu, ile herufi ya Kiarabu, na kulisoma 'qabili', wakisema maana yake ni wali unaomhitaji mtu hodari, na ukiitazama kazi iliyomo utawaelewa. Waomani nao wana wali waitao kabuli, na huko Ghuba ndiko mama alikozoea kuusikia kwa matamshi hayo. Arusi haina lawama hapa. Kama ningelazimishwa kuchagua sahani moja tu katika mkahawa huu, ningechagua hii na kuyasamehe maelezo yake.

Siku ya tatu nilikwenda kwa ajili ya chelo na kababu, shilingi 700, chakula cha bei ya juu kuliko vyote kwenye menyu, na nikatoka nimeudhika. Niseme kwanza chelo ni nini, ili ghadhabu yangu ieleweke. 'Chelow' na 'polow' ni maneno yenye mlio mmoja na kazi mbili. Katika 'polow' wali hupikwa pamoja na nyama, dengu, maharagwe au mboga, vikaiva vikiwa vimechanganyika. 'Chelow' ni wali mweupe mtupu, na heshima yake yote iko katika njia: mchele huoshwa mara kadhaa, huloweshwa katika maji ya chumvi, huchemshwa katika maji mengi mpaka nje ulainike huku ndani bado pagumu kidogo, kisha humwagwa katika chujio, hurudishwa katika sufuria yenye mafuta, na kufunikwa kwa kifuniko kilichovikwa kitambaa ili jasho la mvuke lisiudondokee. Wakati huo ndio uitwao 'dam', yaani pumzi au mvuke. Sufuria ikipumua vya kutosha, chini yake hushika ukoko wa rangi ya dhahabu uitwao 'tahdig', maana yake chini ya chungu, na mgeni katika nyumba ya Kiirani hupimwa thamani yake kwa ukubwa wa kipande cha ukoko anachopewa. Wapwani wanaouita utandu wanajua ninachokisema. Watoto hupigania kitu hicho hicho.

Sahani niliyoletewa ilikuwa na wali mweupe ulioshikana. Nilichukua punje chache kwa ncha ya uma zikaja na dada zao wote. Haukuwa mashendea, wala haukuwa mbaya. Ulikuwa na chumvi ya kutosha na harufu ya siagi. Lakini ulikuwa umepikwa kwa maji ya kipimo yaliyonyweka yote humo humo, kama tunavyopika nyumbani siku ya kawaida, na wali wa namna hiyo Waajemi wana jina lake: 'kateh'. Watu wa Gilan na Mazandaran, kando ya Bahari ya Kaspi kunakolimwa mpunga wa Iran, huula kila siku, hata asubuhi, wala hawauonei haya. Ukoko haukuwepo hata wa kulambia. Kababu, lazima nikiri, zilikuwa nzuri, nyama ya kusaga iliyoshikwa kwa ufundi kwenye upanga wa chuma na nyanya iliyochomwa kando, ila nyanya na kababu haviwezi kulipa deni la wali.

Nilimwita mama nikamuuliza kwa upole kadiri nilivyoweza, "Mama, wali huu ulichujwa?" Alitazama sahani, akanitazama mimi, akaangalia nje ambako watu walikuwa wamesimama wakisubiri viti. "Mwanangu," akasema, "siku ya soko nani ana nafasi ya kuchuja?" Jibu lilikuwa la kweli na sikuweza kuligombeza. Lakini mteja aliyelipa shilingi 700 kwa jina ambalo maana yake yote ni kuchuja, na menyu yenyewe ndiyo iliyomfundisha hivyo, amekatwa. Kama wali ungeitwa kateh na kuuzwa shilingi 500 nisingeandika sentensi hata moja ya malalamiko.

Biriani, shilingi 450, hupikwa Alhamisi peke yake, na niliionja kwa kijiko cha rafiki niliyekwenda naye siku hiyo. Ni biriani ya Mombasa halisi: rojo zito la nyama, maziwa ya mgando, vitunguu na nyanya upande mmoja, na wali uliochujwa na kutiwa zafarani upande wa pili, vikikutana sahani na si kabla. Menyu inasema jina lake linatokana na 'berenj', yaani mchele. Wako wanaoamini hivyo, lakini mimi nasimama na wanaolirudisha kwenye 'beryan', kilichokaangwa au kuchomwa, kwa sababu moja iliyo wazi: mjini Isfahan kuna chakula mashuhuri kiitwacho 'beryani', nacho ni nyama ya kondoo iliyosagwa na kukaangwa, ikiwekwa juu ya mkate. Hakina punje ya wali. Jina lingekuwa la mchele, watu wa Isfahan wangekuwa wanadanganyana karne na karne.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho bado kinanifurahisha nikikiwaza. Biriani ya pwani yetu, kwa umbo lake, ni chelo: wali umechemshwa, ukachujwa, ukafunikwa upumue, na mchuzi mzito ukapikwa pembeni, kama vile Wairani wanavyoweka 'chelow' kando na 'khoresh', yaani mchuzi wao, kandokando yake. Bibi zetu wa Mombasa hata huupalia, wakiweka makaa juu ya kifuniko ili moto uje kutoka juu na chini. Kwa maneno mengine, mama huyu anajua kupika chelo tangu utoto wake, na anaipika kila Alhamisi kwa jina jingine na kwa bei nafuu zaidi. Nilimwambia hivyo wakati wa kulipa. Hakujibu, ila alisimama na chenji yangu mkononi muda mrefu kuliko kawaida.

Chakula cha samaki nitakipita haraka. Huitwa sabzi polo, kwa shilingi 550, wali uliochanganywa na majani, ambao Wairani huula na samaki wakati wa mwaka wao mpya mwezi Machi; 'sabz' ni kijani, kwa hiyo jina limejieleza. Mama hutumia dania na kitunguu cha majani, huweka ngege mzima aliyekaangwa juu yake, na Kisumu yote inajua kukaanga ngege. Kilikuwa kizuri bila kunishangaza, na harufu ya bizari ya majani ambayo hukipa chakula hiki roho yake sikuisikia.

Kuhusu huduma, mahali ni safi, maji ya kunawa ni ya moto na sabuni haikosi, lakini viti havizidi 20 na kati ya saa saba na saa nane utashirikiana meza na watu usiowajua. Subira ya dakika 40 ni ya kawaida. Kachumbari inatozwa shilingi 50 bila mteja kuambiwa, na jambo hilo dogo liliniudhi zaidi ya lilivyostahili. Badala ya 'dugh', kile kinywaji cha mtindi, chumvi na nanaa ambacho Wairani hunywa na kababu, hapa unapewa mala iliyopigwa na maji, chumvi na nanaa, na naweza kusema bila kusita kwamba ni afadhali mala. Simu ya kulipia inafanya kazi. Ukoko haumo kwenye menyu, lakini upo. Nimeuona ukipelekwa kwa sahani ndogo kwa wazee wawili wanaokaa kona ya dirisha kila ninapokwenda, bila wao kuagiza, na nilipomuuliza kijana nami nipewe aliniambia umekwisha huku nikiuona.

Mara ya nne sikuagiza chochote. Mama aliniona mlangoni, akanipungia mkono nipite nyuma, jikoni, ambako sufuria kubwa ilikuwa jikoni juu ya moto mdogo na kifuniko chake kimefungwa leso ya zamani, ncha zake nne zikikutana juu katika fundo. Aliniambia nisikilize. Nikainama na kusikia mlio mdogo wa kuchakarika, kama mvua inayoanza kwenye makuti. "Bado," akasema. Tulisubiri. Mlio ulipokauka alifungua fundo, akaiweka sufuria kwenye beseni la maji baridi ikatoa sauti kali, akafunika sinia juu, akapindua vyote kwa mwendo mmoja wa mikono miwili, na alipoinua sufuria ukoko ulikuwa umesimama juu ya wali kama kofia, duara kamili, rangi ya korosho iliyokaangwa, na chini yake punje nyeupe zilianza kuporomoka moja moja kuelekea ukingoni. Alivunja kipande kwa vidole na kunipa. Kilivunjika kwa sauti kati ya meno, kisha kikawa laini upande wa ndani, na kilikuwa na ladha ya siagi na chumvi na moto.

Menyu imechapishwa upya tangu siku hiyo. Pilau sasa ni ya Kiajemi. Chelo imehamishwa Ijumaa tu, kwa watakaoagiza siku moja kabla, na wali wa siku nyingine unaokuja na kababu unaitwa kate, shilingi 500. Biriani imeachwa na maana yake ya mchele, kwa kuwa mama anasema yule Mwirani wa Shiraz alimwambia hivyo na hana sababu ya kumkana, na Kabuli bado inatokana na kukubali. Nilipomkumbusha kuhusu mji wa Kabul alisema anajua, lakini wateja wa arusi wanayapenda yale maelezo ya kwanza. Kachumbari bado ni shilingi 50.